Choo cha Jengo la Biashara: Jinsi ya Kukipanga na Kutia Mabomba Yake

Wahenga walinena ya kuwa mficha uchi hazai, na methali hiyo haina mahali inapofaa zaidi kuliko katika habari hii ya vyoo. Watu wenye heshima zao hawapendi kuzungumza juu ya choo. Mtu akitaka kujenga jengo la maduka, atashauriana na jamaa zake hata usiku wa manane juu ya rangi ya mabati, upana wa vioo vya mbele, na kodi atakayotoza kwa kila mlango. Lakini choo hutajwa siku ya mwisho, wakati simiti imekwisha kukauka na fedha zimekwisha kupungua. Hapo ndipo fundi huambiwa, "Tafuta pembe yo yote huko nyuma."

Matunda ya neno hilo twayaona katika miji yetu mingi ya soko. Mbele ya jengo mna vigae ving'aavyo. Nyuma mna mlango mmoja wenye kufuli, na ufunguo uko kwa mwenye duka la tatu, naye amekwenda benki. Binti auzaye nguo katika duka la kwanza hufika kazini saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na mbili jioni. Kwa kuwa aijua hali ya choo kile, hanywi maji mchana kutwa. Mzee mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye hawezi kungoja, huacha kuja kununua hapo. Mama mjamzito hupita na kwenda jengo la pili. Mwenye jengo hushangaa kwa nini wapangaji wake hawadumu, asijue ya kuwa jibu liko nyuma ya mlango ule wenye kufuli.

Tena si suala la biashara peke yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kupata usafi wa mazingira wa kiwango cha kuridhisha. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye mahali pa kazi aweke vyoo vya kutosha, vyenye mwanga na vilivyo safi, na palipo na wafanyakazi wanaume na wanawake, kila upande uwe na vyake. Basi mwenye kujenga hafanyi hisani anapoweka choo. Anatimiza wajibu wake.

SI JAMBO GENI KWETU

Wako wadhanio ya kuwa choo cha ndani ya nyumba ni jambo lililoletwa juzi kutoka ng'ambo. Mtu akizuru magofu ya Gede, karibu na Malindi, ataona nyumba za mawe zilizokuwa na vyoo ndani yake, na mahali pa kujisafishia, hali mji ule ulihamwa katika karne ya 17. Wazee wetu wa pwani walijua ya kuwa choo hupangwa pamoja na nyumba, wala hakibandikwi baadaye.

Miji iliyosahau jambo hilo ililipa gharama kubwa. Huko London, mwaka 1854, daktari John Snow alionyesha ya kuwa kipindupindu kilichowaua watu wa Broad Street kilihusiana na maji ya pampu moja waliyoteka. Miaka minne baadaye, katika joto la mwaka 1858, uvundo wa mto Thames uliwasumbua hata wabunge katika ukumbi wao, na ndipo mhandisi Joseph Bazalgette alipopewa kazi ya kujenga mifereji mikubwa ya maji machafu chini ya mji. Nairobi nayo, iliyoanza mwaka 1899 kama kambi ya reli, ilikuwa haijatimiza miaka mitatu wakati tauni ilipoingia katika soko lake lililosongamana, na mwaka 1902 soko hilo likachomwa moto ili kuuzuia ugonjwa. Wala tusiseme ya kuwa hayo ni ya zamani. Kipindupindu kilichoanza nchini Kenya mwezi wa Oktoba 2022 kiliendelea mwaka 2023 na kuenea katika kaunti nyingi.

KAZI HUANZA MWISHONI

Sasa na tuchukue mfano, ili maneno yasiwe matupu. Tuseme mtu anajenga jengo la orofa mbili: chini maduka sita, juu afisi nane. Watakaofanya kazi humo ni watu 40, na wateja watakaohitaji choo kwa siku ni 60. Je, aanzie wapi?

Watu wengi huanza kwa kuchagua beseni na rangi ya vigae. Hilo ni kosa. Kazi ya choo huanza mwishoni, yaani mahali maji machafu yatakapokwenda. Swali la kwanza ni hili: je, barabarani kuna mfereji wa maji machafu wa mji, na kama upo, una kina gani?

Kina hicho ni jambo kubwa kwa sababu maji machafu hayasukumwi; hushuka yenyewe. Bomba la chini ya ardhi lenye upana wa milimita 100 kwa kawaida hupewa mteremko wa 1 kwa 40, maana yake ni kushuka sentimita moja kwa kila sentimita 40 za urefu. Kama bomba laanza kwenye ukuta wa jengo likiwa na kina cha sentimita 45, na mfereji wa mji uko umbali wa mita 20, litashuka sentimita 50 njiani na kufika likiwa na kina cha sentimita 95. Ikiwa mfereji wa mji uko sentimita 80 tu chini ya barabara, bomba halitaungana nao kamwe. Hapo mwenye jengo hana budi ama kuinua sakafu yake, ama kuhamisha choo kikaribie barabara, ama kununua pampu itakayomgharimu umeme maisha yake yote. Akijua jambo hili kabla ya kuchimba msingi, humgharimu mstari mmoja tu katika ramani. Akilijua baadaye, humgharimu kuvunja sakafu.

Mteremko ukiwa mdogo mno, maji hupita na kuacha uchafu nyuma, nao hukusanyika hata bomba likaziba. Kwa hiyo fundi asiyekuwa na pima-maji au kamba ya kupimia mteremko, bali akadiria kwa jicho, hafai kuachiwa kazi hii.

PASIPO NA MFEREJI WA MJI

Ikiwa hakuna mfereji wa mji, yapasa kujenga tangi la maji machafu la chini ya ardhi, lile ambalo mafundi huliita septiki. Tangi hilo hugawanywa vyumba viwili. Katika chumba cha kwanza, ambacho ndicho kikubwa, uchafu mzito hutua chini na mafuta huelea juu. Maji ya katikati huingia chumba cha pili kwa utulivu, kisha huenda katika shimo la kunywea maji, ambako ardhi huyanywa. Tope hubaki katika tangi, na kila baada ya miaka michache hapana budi gari la kunyonya uchafu liitwe. Kwa hiyo usijenge tangi mahali ambapo gari halitafika, wala usilifunike kwa simiti isiyo na mfuniko.

Lakini si kila ardhi hunywa maji. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa nyanda za Athi, huvimba wakati wa mvua na kukataa maji kabisa. Jaribio lake ni rahisi. Chimba kishimo chenye upana wa sentimita 30 katika kina ambacho maji yatanyewa, ukijaze maji, ukiache usiku kucha ili udongo ushibe, kisha asubuhi ukijaze tena na kutazama saa. Maji yakishuka upesi, ardhi yafaa. Yakisimama kama maji ya birika, tafuta shauri la mtaalamu kabla hujatoa hata shilingi moja. Kadhalika, shimo la kunywea maji liwe mbali na kisima. Desturi iliyozoeleka ni angalau mita 30, na kisima kisiwe upande wa mteremko wa shimo hilo.

IDADI YA VYUMBA NA VIPIMO VYAKE

Baada ya kujua maji yaendako, sasa tuhesabu vyumba. Wenye majengo wengi hupenda kugawa sawa: viwili vya wanaume, viwili vya wanawake, na kusema ya kuwa haki imetendeka. Lakini kugawa sawa si kutenda haki. Upande wa wanaume, pakiwekwa sehemu za kukojolea ukutani, watu wanne wahudumiwa katika nafasi ya wawili. Tena wanawake huhitaji muda zaidi kwa sababu ya mavazi, ya hedhi, na ya watoto wanaowaongoza. Ndiyo maana foleni huwa upande mmoja tu. Kwa jengo letu la mfano, upande wa wanawake waweza kupewa vyumba vitatu, na upande wa wanaume vyumba viwili pamoja na sehemu mbili za kukojolea. Hata hivyo mwenye kuchora ramani na aangalie kanuni za ujenzi zitumikazo katika kaunti yake, maana idadi itakayokubaliwa ni ile ya kanuni.

Chumba kimoja kisipungue sentimita 90 kwa upana na sentimita 150 kwa urefu. Pungufu ya hapo, mtu mnene hawezi kugeuka, na mama hawezi kuingia na mtoto.

Zaidi ya hivyo, pawe na chumba kimoja cha mtu asiyejiweza kwa miguu, nacho kiwe orofa ya chini. Mlango wake uwe na upana wa sentimita 90, ufunguke kwa nje, na ndani pawe na nafasi ya mviringo wa sentimita 150 ili kiti cha magurudumu kipate kugeuka. Mlango hufunguka kwa nje kwa sababu nyingine pia: mtu akianguka ndani, mwili wake hauzibi mlango, na waokoaji waweza kuingia. Ukutani pafungwe vyuma vya kujishikilia, vilivyofungwa katika ukuta imara na si katika ubao mwepesi. Njia ya kufikia hapo isiwe na ngazi. Na pakiwa na mwinuko, mteremko wake usizidi 1 kwa 12. Chumba kizuri kilicho juu ya ngazi tatu hakimfai yule kilichojengewa.

Kuhusu choo cha kukaa au cha kuchuchumaa, mimi sioni sababu ya kugombana. Wako wengi ambao hawapendi kugusa mahali palipokaliwa na mgeni, na choo cha kuchuchumaa chawafaa. Wazee na wagonjwa wa magoti hutaka cha kukaa. Changanya vyote viwili. Kadhalika usisahau wale wanaojisafisha kwa maji: pawe na mfereji mdogo na kopo katika kila chumba. Ukiweka bomba la mpira la kunyunyizia, lipewe koki yake na kishikizo kirefu cha kutosha, ili mdomo wake usizame ndani ya choo. Maana maji ya mji yakikatika ghafula, bomba laweza kuvuta maji machafu kurudi katika mabomba ya maji safi.

Katika vyumba vya wanawake hapana budi pawe na pipa lenye kifuniko. Fundi ye yote aliyewahi kuzibua mabomba ya jengo la biashara atakuambia aliyoyatoa humo: vitambaa na vifaa vya hedhi, vilivyotupwa chooni kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuvitupa. Bei ya pipa ni ndogo kuliko ujira wa fundi wa siku moja.

HESABU YA MAJI SAFI

Na tuhesabu maji ya jengo letu. Wafanyakazi 40, kila mmoja akienda chooni mara tatu kwa siku, ni mara 120. Wateja 60, mara moja kila mmoja, ni mara 60. Jumla ni mara 180 kwa siku. Tangi dogo la kuvutia maji la kisasa hutumia lita 6 kwa mvuto mmoja mkubwa: hizo ni lita 1,080. Kunawa mikono, tuseme lita moja kwa kila mtu kila mara, ni lita 180. Kusafisha sakafu, lita 100. Jumla yote ni lita 1,360 kwa siku.

Mwenye jengo akinunua vifaa vya zamani vitumiavyo lita 9 kwa mvuto, atatumia lita 1,620 katika kuvuta peke yake. Tofauti ni lita 540 kila siku. Na kwa mwezi wenye siku 26 za kazi, ni lita 14,040. Kile alichofikiri ni rahisi dukani kitamlipisha kila mwezi katika ankara ya maji.

Kwa kuwa katika miji yetu maji hukatika, yafaa kuweka akiba ya siku mbili, yaani lita 2,720. Basi tangi la lita 3,000 litatosha. Lakini hapa pana hatari iliyowaponza wengi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi hilo likijaa litakuwa na uzito wa tani tatu. Uzito huo hauwekwi juu ya dari lo lote kwa kubahatisha. Hapana budi mhandisi aonyeshe katika ramani nguzo na mihimili itakayolibeba.

Tangi lililo juu ya paa huleta nguvu ya maji kwa kadiri ya kimo chake. Kila mita 10 za kimo huleta nguvu ya takriban ba moja. Basi tangi lililo mita 3 tu juu ya choo cha orofa ya juu lina nguvu ndogo, karibu sehemu tatu katika kumi za hiyo. Nguvu hiyo yatosha kujaza tangi dogo la choo polepole, lakini haitoshi kwa zile koki za kuvutia maji zisizo na tangi, zinazoonekana katika mahoteli makubwa. Usivutwe na uzuri wake kabla hujajua nguvu ya maji yako.

Bomba la maji safi lisilazwe chini ya bomba la maji machafu katika mtaro mmoja. Moja likipasuka, uchafu hutafuta njia ya kushuka. Na kila chumba kiwe na koki yake ya kufungia, ili kifaa kimoja kikiharibika jengo zima lisikose maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini huwezi kuziba ufa wa bomba ikiwa huna pa kuyafungia maji.

MAJI YAZUIAYO UVUNDO

Mwaka 1775, fundi wa saa kutoka Scotland aitwaye Alexander Cumming alipewa hati ya ubunifu huko London kwa choo chenye bomba lililopindwa kama shingo ya bata. Katika pindo hilo maji machache hubaki kila baada ya kuvuta, nayo huziba njia, hewa chafu ya mferejini isirudi ndani. Ni jambo dogo, nalo ndilo lililowezesha choo kukaa ndani ya nyumba ya watu. Hata leo, baada ya miaka 250, kila choo cha kuvuta, kila beseni, na kila tundu la sakafuni lategemea maji hayo, ambayo kina chake si zaidi ya vidole vichache: milimita 50 kwa choo, na 75 kwa mabeseni yenye mabomba membamba.

Maji hayo huweza kutoweka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukauka. Tundu la sakafuni katika chumba kisichotumika hukauka kwa siku nyingi, na harufu huingia. Watu hulaumu fundi, hali dawa yake ni kumimina kopo la maji kila juma. Ya pili ni kuvutwa. Mtu wa orofa ya juu avutapo maji, mzigo ule ushukao katika bomba la wima huvuta hewa nyuma yake, kama mtu anyonyaye kwa mrija. Ikiwa hewa haina pa kuingilia, maji ya pindo la chini huvutwa yakaenda. Utasikia choo cha chini kikilia "glug, glug" wakati wa juu akivuta. Hiyo ndiyo dalili. Kwa sababu hiyo bomba la wima hurefushwa mpaka lipite paa na kubaki wazi huko juu, mbali na madirisha. Mafundi wasio waaminifu huliziba ndani ya dari ili kuokoa mita mbili za bomba. Basi mwenye jengo atoke nje, ainue macho, na alihakikishe bomba hilo kwa macho yake mwenyewe.

Ni jambo la busara pia kupanga vyoo vya juu viwe juu ya vyoo vya chini, na vya wanaume vigawane ukuta mmoja na vya wanawake. Hivyo bomba moja la wima huhudumia pande zote, na hakuna maji machafu yatakayopita juu ya dari la duka la vyakula. Nyuma ya ukuta huo pakiachwa nafasi ya fundi kupita, hakuna vigae vitakavyovunjwa kwa ajili ya kutafuta mahali panapovuja. Na ikiwa jengo ni la zamani na choo chaongezwa sasa, asiruhusiwe mtu ye yote kukata mhimili ili kupitisha bomba. Bomba laweza kuzunguka. Mhimili uliokatwa hauungiki.

Mwisho, kila mahali bomba la chini ya ardhi lipindapo kona au kukutana na jingine, pajengwe chemba yenye mfuniko. Kuziba kutatokea siku moja, na siku hiyo chemba ndiyo mlango wa kuingizia fimbo za kuzibulia.

MAJARIBIO KABLA YA KUFUKIA

Ramani ikubaliwe kwanza na kaunti, na afisa wa afya ya umma aione. Sisi makarani tupokeao karatasi hizi twajua ya kuwa wengi huona mihuri kama kikwazo. Lakini muhuri uliongojewa wiki kadhaa ni rahisi kuliko amri ya kubomoa.

Fundi achaguliwe kwa cheti na kwa kazi alizofanya zamani, ambazo waweza kwenda kuzitazama. Alipwe kwa hatua, na sehemu ya fedha ibaki mpaka majaribio yatimie. Majaribio yenyewe si magumu. Mabomba ya maji machafu huzibwa chini na kujazwa maji kabla ya kufukiwa. Maji yakipungua bila sababu, kuna kiungo kinachovuja. Mabomba ya maji safi hujazwa kwa nguvu iliyozidi ya kawaida na kuachwa kwa muda, huku kila kiungo kikitazamwa. Asiyefanya hivi leo atafanya kesho kwa sururu.

Na kwa kuwa siku hizi karibu kila mtu ana simu yenye kamera, mwenye jengo apige picha za mitaro na kuta kabla hazijafunikwa, kando yake pamewekwa tepu ya kupimia, kisha azihifadhi picha hizo pamoja na ramani. Fundi atakayekuja baada ya miaka kumi atamshukuru.

NANI ATASHIKA UFUNGUO?

Yote tuliyoyasema ni bure ikiwa mlango utafungwa kwa kufuli. Wenye majengo husema, "Nikiuacha wazi, watachafua na kuiba vifaa." Ni kweli. Lakini kufuli haikumfundisha mtu usafi hata siku moja. Kinachofaa ni mtu, yaani mtunzaji mwenye ujira wake, mwenye sabuni, ufagio, viatu vya mpira na glavu, na mwenye mamlaka ya kumwita fundi bila kungoja mkutano.

Ujira wake wapasa kuhesabiwa siku ile ile kodi inapopangwa. Maduka sita na afisi nane ni wapangaji 14. Mshahara wa mtu mmoja ukigawanywa kwa 14 haumlemei mtu, mradi uandikwe katika mkataba na wala usidaiwe baadaye kama fadhila. Pengine wateja watatozwa shilingi chache, kama ilivyo katika vyoo vingi vya mijini. Lakini wafanyakazi wa jengo wasitozwe, kwani kwao choo ni sehemu ya mahali pa kazi. Tena sabuni isikose. Choo kisicho na pa kunawia mikono hueneza kile kilichojengwa kukizuia, na hasa pale ambapo chini yake mna mkahawa.

Ndugu msomaji, kama wewe ni mwenye jengo, chukua ramani yako leo utazame bomba linaishia wapi na lina kina gani. Kama wewe ni mpangaji, kabla hujatia sahihi mkataba, omba kuonyeshwa choo, uvute maji, na uulize nani hukisafisha. Na kama wewe ni mmoja wa wale wasiokunywa maji mchana kutwa kwa kuogopa mlango ule wa nyuma, jua ya kuwa sheria iko upande wako, na ya kuwa kulisema jambo hili mbele ya mwajiri wako si utovu wa adabu.